Ndege Hutumia Saa Moja, Safari Hutumia Siku

Vijana mlionirithi dirisha la tiketi mmenisumbua muda mrefu niandike, na sasa sina kisingizio. Tangu nistaafu, kazi yangu kubwa huku Lupepo, kijijini kwetu, ni kugombana na tumbili wanaoingia kwenye mahindi, na wao hupumzika mchana. Basi naandika mchana.

Mtu akiingia ofisini kwetu, swali lake la kwanza mnalijua. "Dada, kutoka Songwe mpaka Dar kwa ndege ni muda gani?" Jibu ni jepesi: saa moja na kitu. Ila kila aliyejibu hivyo akanyamaza, siku moja amemkosesha mtu ndege. Katika haya nitakayosimulia, hilo ndilo ninalotaka mlishike. Mengine someni mkinywa chai.

Nilianza kazi katika duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa Bi Zuhura. Babu yake alitoka pwani na cherehani, akapenda baridi ya Tukuyu, akabaki. Bi Zuhura mwenyewe alizaliwa hapa na Kinyakyusa anakisema kunishinda mimi niliyenyonya nacho. Upande mmoja wa duka aliuza kanga na vitenge, upande wa pili aliweka meza, simu na kalenda, akawa anawakatia watu tiketi za mabasi na za ndege. Mimi nilikwenda kuomba kuuza vitenge. Alinisikiliza nikijieleza, akasema, "Wewe Atupele una sauti ya simu. Kaa pale." Nikakaa pale mpaka nilipostaafu.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha chai, mtu wa kunyoosha maneno. Aliniuliza Dar ni umbali gani kwa ndege. Nikamtajia kilomita za barabara nilizofundishwa shule, zaidi ya mia nane. Bi Zuhura akaacha kukunja kitenge, akavua futi ya kupimia kitambaa shingoni, akaenda kwenye ramani ya Tanzania iliyokuwa ukutani. Akaiweka ncha moja Mbeya na nyingine Dar, akaivuta ikakaza. Halafu akapiga hesabu kwa kipimo cha chini ya ramani.

"Karibu mia saba," alisema. "Barabara inakwenda Makambako, inapitia Iringa, inateremka Mikumi, inazunguka kama mgeni anayesalimia kila nyumba. Ndege haina watu wa kusalimia."

Yule fundi aliridhika. Alipoondoka, Bi Zuhura akanigeukia. "Sasa wewe umewahi kupanda ndege?"

"Sijawahi, Bi Zuhura."

"Utauzaje usichokijua? Mimi siuzi kitambaa ambacho sijakifua."

Mwezi haukuisha, akanituma Dar kwa ndege na kuniamuru nirudi kwa basi. Wakati ule tulitumia uwanja wa zamani, katikati ya mji wa Mbeya, na ndege zilikuwa ndogo kiasi kwamba rubani ulimwona kisogo. Niliogopa mpaka tulipovuka Usangu, kisha nikasahau kuogopa kwa sababu milima ya Udzungwa ilikuwa chini yangu kama nguo iliyotupwa bila kukunjwa. Kurudi kwa basi nilikaa kitini kuanzia kabla ya jua kuchomoza hadi jioni, na nilipoiona Kiwira, mahali ambapo maisha yangu yote nilipaona pa kawaida, nilipaona pazuri kupita Dar.

Bi Zuhura hakuniuliza kama nimefurahi. Aliniuliza, "Kwa ndege ulitoka mlango wa kwenu saa ngapi, na mlango wa shangazi yako Dar uliugonga saa ngapi?"

Nikafikiri. Niliondoka nyumbani alfajiri na kufika kwa shangazi alasiri. Ndani ya siku hiyo, angani nilikaa kipande kidogo tu. Sehemu iliyobaki ilikuwa gari la Mbeya, kusubiri, kupima mizigo, kusubiri tena, na foleni ya Dar.

"Hiyo ndiyo safari," alisema. "Mteja mwambie mlango kwa mlango. Saa ya angani ni ya rubani."

Kwa miaka mingi nilifanya kazi kwa neno hilo na sikujuta, ingawa wapo wateja waliolichukia. Mtu anapenda kusikia saa moja. Ukimwambia aondoke Tukuyu alfajiri kwa ndege ya saa sita, anakuona mshamba. Nilikubali kuwa mshamba. Washamba wangu walipanda ndege.

Kuna mzee mmoja wa Matwebe, jina lake Anyandwile, ambaye siwezi kumruka. Mwanawe wa Dar alipata mtoto wa kwanza, akamtumia baba tiketi. Mzee akaja dukani na fimbo na koti la sufu, akakaa, akaliangalia jedwali la safari la ukutani kama mtu anayeangalia ng'ombe wa kununua.

"Mugonile, tata," nilimwamkia.

"Ndaga, mwanangu. Hii ndege inakwenda Dar bila kusimama?"

"Bila kusimama, tata."

"Ikichoka inatua wapi?"

"Haichoki, tata. Ni muda mfupi, kama saa moja na nusu."

"Basi la Dar ni jipya, na bado linapumzika Makambako." Alinitazama kwa huruma. "Ninyi watoto mnaambiwa vitu."

Nikamweleza yote, mkanda, masikio kuziba, kumeza mate. Akaenda. Wiki mbili baadaye alirudi dukani na mkungu wa ndizi wa kunishukuru, na pia na malalamiko. Alisema wamempa chai, na kabla hajaimaliza wakamwambia funga mkanda tunatua. "Nauli yote ile," alisema, "nilitegemea safari ndefu." Nilimwambia ndege ndivyo ilivyo, unalipa zaidi ili ukae kidogo. Alilitafakari jambo hilo, akasema wazungu wana akili lakini zinakwenda kinyumenyume.

Baadaye ndege za abiria zikahamia Songwe, uwanja mkubwa, ndege kubwa na zenye mbio. Watu wa Tukuyu walishangilia kwamba Dar imesogea. Angani kweli ilisogea. Ila Songwe iko ng'ambo ya Mbeya, na kufika huko lazima uvuke Uyole, mji mzima, kisha Mbalizi pamoja na malori yote yanayokwenda mpakani. Dakika tulizopewa na injini tulizirudisha kwa malori. Mlango kwa mlango, siku ikabaki siku.

Hapo ndipo nilipojifunza mambo mawili ambayo simu zenu haziwaambii vizuri. La kwanza, kwenda na kurudi si sawa. Rubani mmoja aliyekuja kununua vitenge vya mkewe alinieleza kwamba upepo wa juu mara nyingi unatoka mashariki, kwa hiyo ndege ya kutoka Dar inasukumwa, ya kwenda Dar inasukumana nao. La pili ni kubwa zaidi. Msiulize tu ndege itaondoka Songwe saa ngapi. Ulizeni kama imeshatoka Dar. Ndege yetu hailali huku. Inakuja, inageuza, inarudi. Kama bado iko Dar inasubiri mawingu ya huku yafunguke, saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni mapambo.

Sasa nifike kwenye siku ambayo nataka kuisimulia.

Ilikuwa masika, yale masika yetu ambayo nguo hukaa kambani siku tatu na kuanuliwa zikiwa mbichi kuliko zilivyoanikwa. Bi Zuhura alikuwa ameshaanza kuzeeka, dukani alikuja kwa kupenda tu. Asubuhi mapema akanipigia simu.

"Atu."

"Naam, Bi Zuhura. Shikamoo."

Hakuitikia. "Mama amefariki. Alfajiri hii."

Mama yake nilimjua. Alikaa Tukuyu karibu umri wake wote, akahamia Dar uzeeni kwa mwanawe wa kiume, Idi, huko Gongo la Mboto, na kila mwaka alituma salamu za kulalamikia joto.

"Pole, mama. Pole sana."

"Idi anasema wanazika baada ya Adhuhuri." Alivuta pumzi. "Nipigie hesabu. Nitafika?"

Kwa miaka yote hesabu ngumu alizipiga yeye. Nilisimama jikoni na simu sikioni, nikaipiga: barabara ya mvua mpaka Songwe, ndege ya mchana, Dar, gari mpaka Gongo la Mboto, ambako namshukuru Mungu ni karibu na uwanja.

"Kwa Adhuhuri hufiki," nilimwambia. "Kwa Alasiri unaweza kufika, ndege ikitua."

"Ikitua," alirudia. Kisha akasema, "Mpigie Idi wewe. Nikimpigia mimi nitalia, na mtu anayelia hasikilizwi, anabembelezwa."

Idi sikuwahi kumwona. Sauti yake ilikuwa nzito, na nyuma yake nilisikia watu wengi.

"Naitwa Atupele, kaka. Nafanya kazi na dada yako Tukuyu. Pole kwa msiba."

"Ahsante. Amefika wapi?"

"Bado yuko nyumbani. Ndege inatoka huko kwenu asubuhi hii, inafika Songwe na kugeuza. Akiipata, kabla ya Alasiri yuko kwako. Naomba maziko yasogezwe mpaka Alasiri."

"Dada, maiti ana haki yake, hacheleweshwi hivi hivi. Na hapa nimezungukwa na wazee."

"Naelewa. Mimi ni Mkristo, siwezi kukufundisha dini yako. Siombi mama alale mpaka kesho. Naomba msubiri sala moja tu."

"Unanihakikishia atafika?"

Swali hilo niliulizwa kila wiki na watu wanaokwenda harusini, na nilikuwa na jibu la kutabasamu nalo. Siku ile halikufaa. "Sikuhakikishii, kaka. Huku kuna mvua. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba kila hatua nitakupigia na nitakwambia kweli. Nikiona hawezi kufika nitakwambia zikeni, na mimi nitakaa naye."

Nilimsikia akiongea na watu pembeni, muda mrefu. Aliporudi alisema, "Tunasubiri Alasiri. Alasiri ikipita, tunazika."

Ipyana alitupeleka kwa gari lake, Noah. Kwa wasiomjua, Ipyana ni dereva ambaye kwa kawaida anaongea tangu Tukuyu mpaka unapokwenda. Siku ile hakuongea. Kabla ya Kiwira lori la makaa lilikuwa limelala nusu ya barabara, tukapita pembeni tukiwa tumeinama upande mmoja. Bi Zuhura alikuwa na tasbihi mkononi. Mara moja tu alisema neno.

"Ipyana, endesha kama umebeba mayai. Lakini mayai ya haraka."

Tulipofika Songwe nilikwenda moja kwa moja kuuliza lile swali. Ndege imetoka Dar? Imetoka. Nikampigia Idi. "Imeruka, kaka." Akasema alhamdulillahi, na nyuma yake sauti nyingine zikasema vivyo hivyo.

Kisha mawingu yakashuka. Ukungu wa kwetu mnaujua, hauji kwa mbali kama mvua, unashtukia umo ndani. Mwisho wa uwanja haukuonekana, miti ikapotea, hata gari la zimamoto likawa kivuli. Tukaisikia ndege. Ilikuwa juu yetu kabisa, ikapita, mlio ukafifia, ukarudi. Abiria wote waliinua macho wakaangalia dari, kana kwamba wangeiona.

Binti wa kaunta akaja akasema kwa upole kwamba ndege inazunguka, inatafuta nafasi. Isipoipata itarudi Dar.

Bi Zuhura alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo iko hapa juu."

"Ndiyo," nilisema.

"Na inaweza kurudi Dar bila mimi."

"Ndiyo, Bi Zuhura."

"Dar ninakotaka kwenda."

"Ndiyo."

"Basi si wateremshe kamba," alisema, akacheka, na kicheko hicho kikageuka katikati kikawa kilio. Nikamshika. Aliponyamaza, aliiona simu mkononi mwangu.

"Usimpigie Idi."

"Nilimwahidi."

"Akisikia hivi watazika, Atu. Muache. Labda itatua."

Katika kazi yangu nimewaambia watu mambo mengi wasiyopenda: umechelewa, imejaa, imefutwa. Hakuna lililokuwa zito kama kusimama mbele ya mwanamke aliyenifundisha kazi, nikiwa naombwa ninyamaze. Nilitamani kunyamaza. Lakini wale watu wa Gongo la Mboto walikuwa wamekaa chini na maiti ndani kwa sababu ya neno langu, na neno lenyewe lilikuwa kweli au halikuwa kitu.

"Bi Zuhura," nilisema, "nikimficha sasa, hata ndege ikitua hataniamini nikimwambia umepanda."

Akageuza uso. Kisha akasema, "Mpigie."

Nikampigia pale pale, mbele yake. "Kaka Idi, ndege iko juu yetu lakini haijatua. Ukungu. Inaweza kurudi."

"Sasa unasemaje? Tuzike?"

Niliangalia nje. Sijui niliangalia nini hasa, nilikuwa natafuta jibu mahali popote. Na kule mwisho wa uwanja, ambako kulikuwa kweupe tupu, palikuwa na kitu cheusi. Vitu vyeusi. Mstari wa miti.

"Bado, kaka. Miti ya mwisho wa uwanja nimeanza kuiona."

"Miti?"

"Ndiyo. Muda mfupi uliopita haikuwapo. Nipe nafasi kidogo."

"Haya," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye atakwenda kuwaeleza wazee habari za miti.

Mlio ukarudi mara nyingine, safari hii chini zaidi, na ndege ikatoka kwenye ukungu mbele yetu, kubwa, imelowa, taa zikiwaka mchana. Ilipogusa ardhi, mtu mmoja akapiga makofi, halafu wote. Bi Zuhura hakupiga. Alikuwa ameshasimama na mkoba mkononi, amepanga foleni peke yake.

Ilipoondoka nilimpigia Idi mara ya mwisho. "Ameruka. Itakuwa karibu sana na Alasiri." Akakata bila kuaga, nami sikumlaumu.

Tukarudi na Ipyana. Tulipokaribia Kiwira simu ikalia.

"Nimemwona, Atu," alisema Bi Zuhura. "Walimfunua uso nikamwona. Nimembusu. Alikuwa kama amelala mchana." Ipyana akasimamisha gari pembeni bila kuambiwa, tukakaa mvua ikipiga paa, mpaka kioo cha mbele kikafunga kwa mvuke.

Baada ya hapo miaka ilikwenda kwa utulivu. Nyinyi mkaja, na simu zenu zinazoonyesha ndege iko wapi kama nukta inayotambaa. Nilizipenda kuliko mlivyodhani. Nilipoziona mara ya kwanza nilifikiria ukungu wa siku ile na jinsi ambavyo ningeikodolea macho nukta ile. Ila nukta haimpigii mtu simu. Hilo bado ni la kwenu.

Wiki niliyostaafu, Bi Zuhura aliniita nyumbani kwake kula. Nilimkuta na mgeni, mzee mfupi mwenye ndevu nyeupe, amejifunika blanketi akitetemeka kwa baridi yetu. Aliposema "Karibu, dada," nikaijua sauti.

"Wewe ndiye wa miti," alisema Idi.

Tulikula ndizi na nyama, tukazungumza habari za Dar na joto lake. Kisha nikamuuliza jambo nililotaka kulijua siku zote, siku ile wazee walimwambiaje.

"Walikuwa wamechoka," alisema. "Adhana ya Alasiri imekwisha, watu wamesimama, jeneza liko mlangoni. Mmoja akaniambia, Idi, umejitahidi, inatosha. Pale pale ikapita ndege juu ya nyumba, inateremka. Wote wakaangalia juu. Mzee akaniuliza, ndiyo hiyo? Nikamwambia ndiyo hiyo, dada yangu yumo. Basi wakakaa chini tena. Tungefanyaje? Mtu keshafika."

"Ulijuaje kuwa ni yenyewe?" nilimuuliza.

Akanitazama kwa mshangao. "Ningejuaje? Pale kwetu zinapita kutwa nzima. Huenda ilitoka Mwanza. Huyu dada yangu alikuja baadaye kabisa, anakimbia, kiatu kimoja mkononi."

Bi Zuhura alikuwa hajawahi kulisikia hilo. Aliweka kikombe chini. Akamwangalia kaka yake, midomo ikimcheza, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Halafu akachota ndizi nyingine kwenye sufuria na kipande kikubwa cha nyama, akamjazia sahani.

"Kula," alimwambia. "Kula, mwongo wewe."